Ng'ombe Mia Mbili wa Ziba

Mwanangu Hamisi,

Sianzi kwa salamu, kwa kuwa tumeamkiana asubuhi na sasa umekwenda mtaa wa Ng'ambo kuwaaga shangazi zako. Nimemaliza kusali alasiri. Sanduku lako lipo hapa barazani. Dada yako amelifunga kwa kamba ya katani kana kwamba ndani yake mna mnyama atakayetoroka. Basi la Mwanza linaondoka kesho alfajiri, na mambo ya chandarua, sabuni, nauli na kutowasahau watu wa nyumbani umekwisha kuambiwa na watu wengi kuliko inavyohitajika. Sitayarudia. Nina jambo moja la kukueleza, nalo ni kosa langu. Nafasi unayokwenda nayo chuoni niliipata kwa kuandika jambo ambalo nilijua kuwa si kweli.

Sentensi hiyo nimeiandika mara nne kwenye karatasi nyingine kabla ya kuiweka hapa. Mara ya kwanza niliandika kwamba huenda palitokea kasoro katika muhtasari wa mkutano. Mara ya pili niliandika kwamba maneno fulani yaliandikwa isivyopasa. Ungeniletea insha ya namna hiyo ningekuuliza: yaliandikwa na nani? Yaliandikwa na mimi.

Nianze na lile lisilo na doa, usije ukajichukia bure. Fomu yako ni safi. Kila ulichokijaza ni kweli, na alama zako ni zako. Wewe kanuni za ufadhili ulizisoma juu juu. Mimi nilizisoma mara tatu kabla sijakuchukulia fomu. Ufadhili huu hulipwa na halmashauri kwa fedha za umma, na kila kata ina nafasi moja tu. Mwombaji awe mkazi wa kata kwa miaka mitatu mfululizo. Awe amesoma shule ya serikali. Awe amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, si kabla ya hapo. Kaya yake iwe haina uwezo, na jambo hilo lithibitishwe na wakazi wenyewe katika mkutano, ambapo majina husomwa kwa sauti na kila mtu ana haki ya kutoa pingamizi. Mtoto wa mjane mstaafu hakuzuiwa. Waombaji walikuwa watano. Kwa alama na kwa hali ya kaya, wa kwanza alikuwa Kabula binti Shija, uliyesoma naye darasa moja. Wa pili ulikuwa wewe.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya kata. Iko kanuni inayosema kwamba mjumbe mwenye mtoto kwenye orodha atoke nje jina la mtoto wake linapojadiliwa. Nilitoka. Nilisimama nje ya darasa tulimokutania, karibu na ukuta, mkoba wangu nimeushika kwa mikono miwili. Waliopita waliniona, nami nilipenda wanione. Lakini jina la Kabula lilipojadiliwa nilikuwa ndani, nimeketi, kalamu mkononi. Hakuna kanuni iliyonitaka nitoke wakati huo. Nimeitafuta baadaye. Haipo.

Hukuwapo siku ile, kwa hiyo nitakusimulia kama ilivyokuwa.

Unamjua Mzee Shija, baba yake Kabula: mrina asali, ambaye mali yake yote ni mizinga iliyoko msituni na baiskeli ya kuifuatia. Unamjua pia Mzee Ndahani, fundi anayeitengeneza baiskeli hiyo, Mgogo aliyeletwa hapa Tabora na kazi ya reli akiwa kijana, asirudi kwao tena. Wagogo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wakati babu zetu walipokuwa wakipita Ugogo na mizigo kichwani wakielekea pwani. Wazee hao wawili hujapata kuwaona wakisalimiana kwa adabu, wala mimi sijapata.

Mtendaji wa kata alisoma jina la Kabula, akaeleza hali ya kaya yao, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Mzee Ndahani akasimama kule nyuma kabisa.

"Mimi ninalo! Maskini gani huyu? Huyu ana ng'ombe mia mbili Ziba. Amewaficha kwa shemeji yake, wamenenepa mpaka hawapiti mlangoni."

Darasa zima likacheka. Mzee Shija hakugeuza hata kichwa.

"Mia mbili? Umewasahau ndama."

"Ndama sikuwahesabu, nilifukuzwa na mbwa wako. Mbwa mwenyewe anakunywa maziwa, sisi wenzake tunakunywa maji."

"Nyie maji mmeyajulia wapi? Kwenu mvua mnaisikia redioni."

"Babu zako walikikausha kisima chetu wakipita na pembe za ndovu za watu kichwani! Mpaka leo hawajalipa!"

"Walilipa. Walimwachia babu yako kaniki. Si ndiyo hiyo uliyoivaa?"

Mtendaji alijifuta machozi kwa kicheko, akasema, "Haya, wazee wangu, tuendelee," akafunua ukurasa. Jina lililofuata lilikuwa lako. Nikatoka nje.

Watu wa mahali pengine wangeweza kudanganyika. Wangeona mtu ametuhumiwa kuwa na ng'ombe, naye badala ya kukana ameongeza ndama. Lakini mimi nimezaliwa hapa. Najua kwamba mtaniwa hakani. Akikana ameonyesha kuwa ameumia, na utani umeharibika. Apasacho kufanya ni kuupokea uongo, kuupamba zaidi, na kumrushia mwenzake mwingine. Hivyo ndivyo alivyofanya Mzee Shija, tena kwa ustadi. Hakuna aliyekuwamo mle ndani ambaye hakulijua hilo, hata watoto waliokuwa wakichungulia madirishani.

Nilirudi nyumbani, nikaketi kwenye meza hii hii, nikaandika: "Mkazi mmoja alitoa pingamizi kuwa kaya ya mwombaji inamiliki ng'ombe mia mbili katika kata ya Ziba, wilayani Igunga. Baba wa mwombaji alikiri mbele ya mkutano, na kueleza kuwa idadi hiyo haikujumuisha ndama."

Kicheko sikukiandika. Vicheko haviandikwi kwenye muhtasari.

Siku ya pili nilimpelekea mtendaji asaini. Alisaini bila kusoma. Aliniambia, "Mwalimu akishaandika, mimi nisome nini?" Nikafurahi, Hamisi. Ni aibu kukuambia, lakini nilifurahi kwa sifa ile, na furaha hiyo ilinisindikiza njia nzima mpaka nyumbani.

Nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo nimewaambia wasiseme uongo mara nyingi kuliko nilivyowafundisha jambo lingine lolote. Kwa hiyo sikuambii usiseme uongo. Nataka tu ujue uongo ulivyokuwa uliponifikia. Haukuwa na sura niliyoitazamia. Sikutokwa na jasho. Sikutetemeka. Nilipokuwa nikiandika nilikuwa nikiangalia mwandiko wangu, nafasi kati ya mistari, mahali pa kuweka mkato. Nilisoma nilichokiandika nikaona hakuna neno ambalo halikusemwa, nikaridhika. Kazi ilikuwa safi. Hapo ndipo nilipofundishwa kutazama tangu ujana wangu, na sikutazama pengine.

Nilipoanza kazi nilipangiwa Urambo. Wazazi wengi pale walilima tumbaku, na msimu wa kuchuma na kukausha watoto waliitwa mashambani kusaidia. Mwalimu mkuu wangu alikuwa mtu mkali ambaye nilimwogopa na kumpenda kama baba. Alinipa daftari la mahudhurio akasema, "Binti, kilichoandikwa humu ndicho kilichotokea. Kisichoandikwa hakikutokea." Nikaandika "mtoro" mbele ya jina la kila mtoto aliyekuwa kwenye mabani, yale mabanda ya kukaushia tumbaku, pamoja na mama yake, usiku akikoleza moto. Nilijua walipo. Niliweza kuuona moshi kutoka dirisha la darasa. Lakini daftari halikuwa na safu ya moshi. Mmoja wao, mtoto wa kike aliyeweza kuhesabu kichwani kuliko mimi, alizuiwa mtihani kwa ajili ya utoro huo, na mimi nilisifiwa kwa daftari lisilo na mfuto hata mmoja. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Sasa nina sitini na mitatu, na unaona kwamba sikujifunza.

Nawe ulikwisha kuonja ubaya huo. Ulipokuwa darasa la sita, ukikaa kwa mjomba wako Igunga, nilikukataza kupiga simu, nikakutaka uniandikie barua kila mwezi ili ujizoeze. Ukaniandikia kwamba unaumwa, kwamba mjomba yuko safarini, na kwamba unaogopa kulala peke yako katika chumba cha uani. Nilichukua kalamu nyekundu. Nilikurudishia barua hiyo ikiwa na masahihisho kumi na moja, na chini yake nikaandika, "Jitahidi zaidi." Nilimpigia mjomba wako simu siku ile ile, na dawa ukapelekewa, lakini wewe hukuniona nikipiga simu. Ulichokiona ni wino. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akipiga randa mlangoni, akaniuliza, "Mtoto amesema nini?" Nikamwambia, "Hajui kupanga aya." Akarudi kwenye ubao wake. Tangu hapo ukawa mtoto wa barua fupi. Najua ni kwa nini, na nilitaka ujue kuwa najua.

Majina yalipobandikwa, Mzee Shija alikuja hapa. Ulimfungulia mlango wewe mwenyewe, ukaenda kumletea maji.

"Mwalimu," akasema, "nimeona jina la binti limekatwa. Pembeni wameandika kaya ina uwezo. Uwezo upi?"

"Walioamua ni wa halmashauri, Mzee Shija. Kanuni ni kanuni."

"Sawa. Wewe ndiye unayezijua."

Akanywa maji uliyomletea, akakupongeza, akakuuliza utakuwa daktari lini, nawe ukamweleza kuwa ni maabara, siyo udaktari. Hakutaja ng'ombe. Haikumpitia akilini kabisa kwamba utani unaweza kuandikwa. Wiki iliyofuata alituletea dumu la asali kwa ajili ya dua yako ya kuaga, na watu waliisifu. Mimi sikuila. Ulipouliza, nilikuambia meno yananiuma.

Ningeweza kuendelea hivyo, sitaki kukuficha. Mtu huzoea. Lakini wiki tatu zilizopita nilikwenda Urambo kumtazama shangazi yangu mgonjwa, na njiani kutoka kituoni nilipita kando ya banda ambamo wanawake walikuwa wakichambua tumbaku. Mmoja wao akainuka, akanikimbilia. Alikuwa Kabula. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu hata akashindwa kunishika, akaiweka nyuma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Kabula. Unafanya nini huku?"

"Nachambua tumbaku, mpaka msimu uishe. Hamisi hajambo? Mwambie hongera. Mwambie asijifanye daktari, tunajua ni maabara tu."

Wenzake walimwita, akawaambia anakuja. Kisha akashusha sauti.

"Mwalimu, baba alinikataza nisikusumbue. Lakini naomba nikuulize. Ni kanuni ya ngapi iliyonikata? Nataka mwakani nijaze vizuri. Mimi nilitumia wino wa bluu, labda walitaka mweusi. Halafu pale penye mali ya kaya niliandika 'mizinga', sikusema mingapi. Labda walidhani ni mingi sana."

"Wino hauna tatizo," nikamwambia.

"Basi ni mizinga. Mwakani nitaandika kumi na minne."

Nikamwambia hewala. Hilo ndilo neno nililolitoa, mwanangu: hewala. Ilhali kanuni ya tatu inasema aliyemaliza mwaka uliotangulia, na mwakani Kabula hatakuwa miongoni mwa hao hata aandike idadi ya mizinga kwa dhahabu. Nilikuwa nalijua hilo nikiwa nimesimama mbele yake. Alinisindikiza mpaka njia panda, mikono imefungwa nyuma, akinishukuru.

Niliporudi Tabora sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilikwenda kwenye kibanda cha Mzee Ndahani. Aliponiona kwa mbali akaanza kama kawaida yake.

"Mpagazi huyoo! Leo mzigo umeutupa wapi? Au umezeeka hata kichwa hakibebi?"

Nikamwambia naomba asinitanie kidogo, nina jambo. Nikamweleza yote, mpaka maneno yenyewe ya muhtasari. Alikuwa ameshika tairi. Akaliweka chini polepole.

"Uliniandika?"

"Sikuandika jina lako. Niliandika 'mkazi mmoja'."

"Mkazi mmoja." Akayarudia maneno hayo kama mtu anayeonja kitu asichokijua. "Mwalimu, Shija alipofiwa na mwanawe wa kwanza, mimi niliingia kaburini nikalala. Nikasema sitoki, mtoto hazikwi, mpaka nipewe jogoo. Watu wakanivuta miguu. Shija alicheka. Alikuwa hajala siku tatu, akacheka, na usiku ule akala. Hilo nalo ungeliandikaje? Kwamba mkazi mmoja alizuia mazishi?"

Akasema tena, wala hakuwa na hasira, "Umenifanya nimemnyima mtoto wa Shija shule. Mimi. Kwa mdomo wangu huu huu."

Kesho yake nilipita mbele ya kibanda chake nikienda sokoni. Mzee yule amenizidi umri kwa miaka kumi, na kwa miaka yote tuliyoishi mtaa mmoja hajapata kuniita kwa jina langu, bali mpagazi, mla michembe ya viazi vikavu, mke wa seremala asiye na stuli. Siku hiyo alisimama, akaondoa kofia, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Ameniamkia hivyo kila siku tangu hapo. Hujapata kuona adhabu kama hiyo, nami sikutakii uione.

Mara mbili nilijivika baibui niende halmashauri, na mara mbili nikarudi kutoka mlangoni. Mara ya kwanza nilijiambia kwamba nitaharibu jina la kamati nzima. Mara ya pili nilijiambia ukweli, kwamba ninakuonea huruma wewe. Ulikuwa umeketi pale kizingitini ukipiga pasi shati jeupe, ukiimba kwa sauti mbaya kama ya baba yako. Leo asubuhi nilikwenda. Nilipeleka masahihisho ya muhtasari, kurasa mbili, yenye saini yangu peke yangu. Nimeandika kwamba pingamizi lile lilikuwa utani, kwamba katibu alilijua hilo alipokuwa akiandika, na kwamba katibu ni mama wa mnufaika.

Afisa aliyenipokea ni mwanamke kijana, mwenye adabu. Alisoma ukurasa wa kwanza, akaenda kufunga mlango.

"Mama, unaelewa unachokifanya? Mwenye nafasi ni mwanao. Anaripoti chuoni keshokutwa."

"Naelewa."

"Basi nikueleze ilivyo. Karatasi hii inamrudisha binti kwenye orodha, hilo nalipokea leo hii. Lakini nafasi ina mtu. Mwanao akisharipoti, imefungwa. Italazimu kamati ya halmashauri ikae, na ikikuta muhtasari una dosari hufuta nafasi ya kata yote. Watakosa wote wawili."

"Na isipokaa?"

Akatabasamu kwa huzuni. "Mara nyingi haikai, Mama. Inaweza kupita hata miaka miwili. Mwanao atakuwa amemaliza."

Nikamwuliza kama hakuna njia nyingine. Akafungua droo, akatoa fomu ya ukurasa mmoja. Mnufaika anaweza kujitoa kwa hiari yake kabla ya kuripoti chuoni. Akijitoa, nafasi inakwenda kwa mwombaji anayemfuata kwa sifa, bila kikao cha kamati. Anasaini mwenyewe, mbele ya afisa. Mzazi hasaini.

"Lakini usimlazimishe," akaniambia. "Hiari ni hiari. Nitamwuliza mimi mwenyewe."

Sasa unaelewa kwa nini nimekaa na karatasi hii tangu saa nane mchana. Kosa nililitenda mimi, na mkono unaoweza kuliondoa ni wako. Hili ndilo linaloniaibisha kuliko muhtasari wenyewe. Ningekuwa na namna yoyote ya kulipa mimi bila ya wewe kuguswa, ningelipa, hata kama ni kusimama mbele ya mkutano na kuzomewa. Kusimama nitasimama. Jumamosi nimeomba nafasi katika mkutano wa mtaa, na nitayasoma masahihisho yangu kwa sauti, Mzee Shija akiwapo. Kabla ya hapo nitakwenda kwake nimweleze uso kwa uso, asilisikie jambo hili pamoja na watu wengine. Lakini yote hayo hayampeleki Kabula chuoni. Yananipunguzia mimi mzigo tu.

Sitakuamuru usaini. Miaka kumi na minane nimekuamuru kila kitu, namna ya kushika kalamu, namna ya kujibu wakubwa, chuo cha kuomba. Hata fomu ya ufadhili nilikuonyesha kwa kidole mahali pa kuweka saini, nawe ukaweka. Safari hii kidole changu hakitakuwapo. Wala sitakuambia kwamba ukisaini mambo yatakuwa mazuri. Ukibaki, sijui utasoma wapi wala lini. Pensheni yangu unaijua, na hakuna ufadhili mwingine ninaoufahamu ambao bado uko wazi. Huenda ukakaa mwaka, huenda zaidi. Vijana wa mtaani watauliza kwa nini hukuondoka, na itakubidi ama uwaeleze habari za mama yako ama unyamaze. Ukienda, sitakuhesabu kuwa mwizi. Hukuiba kitu. Ulisoma, ukafaulu, ukajaza fomu kwa ukweli. Utakuwa umepanda basi ulilokatiwa tiketi, na mwenye dhambi atakuwa amebaki Tabora.

Nilikuwa nimepanga kukupa barua hii kesho kituoni, mlango wa basi ukifungwa, nikuambie usiifungue mpaka uvuke Nzega. Ungeisoma ukiwa umebanwa kati ya watu usiowajua, na ofisi iko nyuma yako. Ungeweza kujiambia kwamba muda umepita, nami ningeweza kujiambia kwamba nilikwisha kukueleza. Nilipoutambua mpango huo ulivyo, niliona ni mkono ule ule ulioandika muhtasari. Nimeuacha.

Kwa hiyo naiweka bahasha juu ya sanduku sasa, kabla hujarudi. Fomu ya kujitoa imo ndani, haijajazwa. Basi linaondoka saa kumi na mbili. Ofisi inafunguliwa saa moja na nusu. Huwezi kufanya yote mawili.

Nitakuwa uani. Sitapika wala sitashona. Nitakuwa nimeketi tu, na dada yako nimemtuma kwa jirani ili tusisikilizwe. Ukimaliza kusoma, njoo. Ikiwa una hasira, njoo nayo kama ilivyo, usiipange kwanza.

Mama yako.